Kabla Hamjamnunulia Ami Kifaa cha Njia

Familia nyingi za Kiuyu, kaskazini mwa Pemba, zina mtu Maskati, mtu Mombasa au mtu Uingereza, na kila aliye mbali ana jambo analotaka kumfanyia ami, mzee aliyebaki nyumbani. Zamani ilikuwa redio, ikaja simu, na sasa imefika zamu ya kifaa cha kuonyesha njia ndani ya gari. Nia ni njema, na mzee wa miaka sabini anayeshika usukani anastahili kila msaada. Lakini hoja zinazotolewa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo kabla pesa hazijatumwa nyingi hazina msingi. Pesa inapotea, na lililo zito zaidi, mzee anabaki na kitu kinachomfanya ajione mjinga ndani ya gari yake mwenyewe. Hoja ninazozisikia zaidi nazijibu hapa. Kwangu mimi swali la kwanza ni ami anakwama wapi. Kifaa gani ni swali la baadaye, na wakati mwengine halifiki kabisa.

"Setilaiti zinafika kila pahala, basi kifaa chochote kitafaa."

Nusu ya kauli hii ni kweli. Setilaiti za GPS za Marekani huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na anga ya Kiuyu haina kizuizi cha maghorofa. Ipo pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na vifaa vingi vya sasa husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Kifaa kikizisikia setilaiti nne kinajua kilipo. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, kosa limekuwa la mita chache tu kwenye uwazi. Chini ya mikarafuu iliyoshonana, au ndani ya bonde lenye miti mikubwa, kosa huongezeka, lakini kwa dereva aliye juu ya lami hilo halimsumbui.

Nusu ya pili ndiyo inayokula pesa za watu. Setilaiti haijui barabara hata moja. Inachotuma ni saa na habari za mahali ilipo yenyewe, hesabu zinafanywa ndani ya kifaa, na barabara zinatoka kwenye ramani iliyotiwa humo. Kifaa kilichonunuliwa Maskati kwa kawaida huja na ramani ya Ghuba na Mashariki ya Kati. Cha Uingereza huja na ya Ulaya. Ukikiwasha Kiuyu kitakuonyesha alama ya gari katikati ya kioo kitupu, na kitakuwa kinasema kweli: kinajua ulipo, ila hakijui kuna nini hapo. Ramani za Afrika zinapatikana. Kampuni ya Tracks4Africa ya Afrika Kusini inauza ramani zinazoingia kwenye vifaa vya Garmin, na Tanzania imo. Lakini hiyo ni gharama ya pili, na kuiweka kunataka kompyuta na mtu anayejua.

Kwa hiyo aliye dukani Maskati au London asilipe kwa kutazama picha ya boksi. Amwambie muuzaji awashe kifaa, aifungue Pemba, aikuze mpaka aone Konde, Micheweni na Kiuyu kwa majina yake. Akiona umbo la kisiwa na mstari mmoja wa barabara kutoka Mkoani kwenda kaskazini, akirudishe. Na wale wanaotaka kumpa mzee kifaa kilichokaa kabatini miaka kumi wajue kwamba GPS huhesabu wiki kwa mizunguko ya 1,024, na mzunguko mmoja uliisha tarehe 6 Aprili 2019. Baadhi ya vifaa vya zamani ambavyo havikupata programu mpya vilipoteza tarehe siku ile, na vengine havikukaa sawa tena.

"Gari yenyewe imekuja na navi, kwa nini tununue?"

Gari nyingi za Pemba zimetumika Japani kabla ya kufika kwetu, na nyingi zina kioo kizuri katikati ya dashibodi. Ukiwasha, mwanamke anasema jambo kwa Kijapani. Watu wamezoea kudhani anawakaribisha. Mara nyingi anamwambia dereva kwamba kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haimo kwenye kisomeo chake. Ramani iliyomo ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani, na gari ikiwa Kiuyu navi hiyo huiweka baharini au inabaki imeganda kwenye mtaa wa mwisho iliyoujua huko kwao. Hata redio ya gari hizo nyingi inaishia karibu na 90 kwenye FM, kwa sababu Japani ilianza bendi yake kwenye 76, na ndiyo maana mafundi wetu huongeza kidude cha kushusha masafa ili stesheni za hapa zisikike. Kwa ramani hakuna kidude kama hicho. Kubadilisha redio nzima ukaweka ya Android inawezekana, na kwa kijana ni sawa. Mzee aliyekwisha zoea kitufe cha sauti na cha stesheni usimng'olee vitu vyake bila kumuuliza.

"Simu haifai, maana bila bando haionyeshi njia."

Hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote, na ndilo linalowafanya watu waruke simu ambayo ami anayo tayari mfukoni. Kupokea mawimbi ya setilaiti hakuhitaji bando, laini wala salio. Bando linatumika kuleta ramani. Ukiipakua ramani mapema kwa waifai ya mtu, simu itaonyesha njia hata ukitoa laini kabisa. Programu za Organic Maps na OsmAnd zimetengenezwa kwa kazi hiyo, na zote mbili zinatumia OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea. Google Maps nayo inakubali kupakua eneo, ila eneo hilo huisha muda na hutaka kusasishwa, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kulikumbuka.

Kuna jambo moja dogo la kumweleza mzee. Simu isiyo na mtandao huchelewa kidogo kujipata, kwa sababu inasubiri habari zote kutoka juu badala ya kudokezewa na mtandao. Habari za setilaiti moja huchukua kama nusu dakika kupokelewa, na orodha kamili ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Simu iliyozimwa muda mrefu iwashwe uwanjani, chini ya anga wazi, wakati mzee anatazama maji na upepo wa magurudumu. Akiwasha akiwa mbioni atadhani imeharibika.

"Mzee hajui simu, kifaa maalumu ni rahisi kwake."

Hapa nakubaliana kwa sehemu, na ningependa wanaobisha pande zote mbili wapunguze sauti. Kifaa maalumu kina faida za kweli. Kinafanya kazi moja. Hakiingiliwi na simu ya mtu anayeuliza bei ya pweza. Kioo chake ni cha inchi tano hadi saba, na kifaa kikichomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara huwaka chenyewe gari inapowashwa. Betri yake ya ndani ni ndogo, nyingi hukaa kiasi cha saa moja, kwa hiyo waya ukikatika basi tena. Kwa mzee anayesafiri mara kwa mara Dar es Salaam au Tanga, na ambaye simu yake ni ya vitufe, ningemnunulia kifaa hicho chenye ramani ya Tanzania bila kusita.

Lakini kabla ya hapo, fanyeni jaribio ambalo halina gharama: mpeni akiguse. Vioo vya siku hizi havisikii nguvu ya kidole, vinasikia jinsi ngozi yenye unyevu inavyopitisha umeme mdogo. Ngozi ya mzee ni kavu. Na ngozi ya mzee wa Kiuyu aliyelima kwa jembe la mkono, akavuta kamba za ngalawa, akachuma karafuu tangu utoto, ina sugu juu ya ukavu huo. Nimemtazama ami akigonga herufi "M" kwa ncha ya kidole cha shahada, akagonga tena, akakandamiza mpaka kifaa kikasogea kwenye kishikio chake, na kioo hakikujibu. Akaniambia, "Mwanangu, hii hainitaki." Tukamwonyesha atumie ubavu wa kidole gumba, pale ngozi ilipo laini, na kwanza akilowanishe kidogo. Ikafanya kazi. Vifaa vya zamani vinavyohisi mkandamizo vingemfaa zaidi, lakini vinazidi kuadimika. Kinachoshinda vyote ni kutomlazimisha kuandika: kila pahala anapokwenda pawe pamehifadhiwa, abonyeze mara mbili tu.

Juu ya ukubwa wa kioo sina mengi. Macho ya mtu wa miaka sitini hupokea mwanga mdogo sana kuliko ya kijana wa ishirini, inasemekana kiasi cha theluthi, kwa hiyo mwangaza na tofauti ya rangi vina maana kuliko inchi. Kioo cha inchi saba kikibandikwa kwenye kioo cha mbele kinamficha mtoto anayekatisha barabara, na gundi ya kubandikia huachia jua la saa saba likipiga. Kiwekwe chini, upande wa kulia wa usukani, pasipoziba chochote. Sauti ni muhimu kuliko picha. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti za juu, za wembamba, kwa hiyo kama kuna uchaguzi mchagulieni sauti nzito. Na kama haisemi Kiswahili, msijidanganye. Mzee anayesikia Kiingereza cha haraka kwenye njia panda hatapinda, atasimama.

"Ramani izunguke na gari, ndivyo wote wanavyoweka."

Vifaa vingi vimepangwa hivyo: juu ya kioo ni unakoelekea, na ramani inazunguka kila unapopinda. Kwa vijana ni rahisi. Kwa wazee wa Kiuyu naona ni kinyume, na sababu yake iko msikitini. Makka iko karibu kabisa na mstari ule ule wa longitudo na kaskazini mwa Pemba, kwenye nyuzi 39 na kitu mashariki. Kibla chetu ni kaskazini, bila kupinda kwa kiasi cha kuhisiwa. Mtu aliyesali miaka sitini upande mmoja ana dira mwilini. Nenda kwenye mipangilio, funga ramani ili kaskazini ibaki juu daima, kisha mwambie, "Ami, juu ya kioo ni kibla." Hapo hapo pwani ya mashariki inakuwa mkono wa kulia, Wete inakuwa kushoto, Chake inakuwa chini, na kioo kinaacha kuwa fumbo. Sijaona mwongozo wa kiwandani unaolitaja hili, na hauwezi kulitaja, kwa kuwa uliandikwa kwa watu wengine.

"Andika Kiuyu tu, itakupeleka."

Itakupeleka Kiuyu ipi? Ipo Kiuyu Minungwini na ipo Kiuyu Kigongoni, zote Wilaya ya Wete. Ipo Kiuyu Mbuyuni, Wilaya ya Micheweni. Ipo Ras Kiuyu yenye msitu wake kule ncha ya kaskazini mashariki. Kifaa hakiulizi kama tunavyoulizana sisi, "Kiuyu ya wapi, kwa nani?" Kinachukua jina la kwanza kinalolipata. Na tatizo haliishii hapo. Kinyasini iko Pemba na iko Unguja. Chwaka ni kijiji kinachojulikana na kila mtu Unguja, na ni magofu ya kale karibu na Tumbe. Mgeni aliyeandika jina moja asishangae akielekezwa kivukoni.

Ndani ya shehia ndiyo kabisa. Nyumba zetu zinajulikana kwa watu na kwa miti: nyuma ya skuli, ukipita mbuyu, kwa fundi wa baiskeli, uliza kwa marehemu fulani. Jitihada za kubadilisha hali zipo, na naziheshimu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walirusha droni kuipiga picha Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, na vijana wetu wenyewe ndio waliozirusha. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, ikaja operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na njia zikapewa majina. Lakini namba iliyobandikwa mlangoni haimsaidii ami mpaka ramani iliyo garini iijue, na mpaka yeye mwenyewe aijue. Ukimwambia aende njia fulani nyumba namba fulani, atakuuliza ni kwa nani.

Njia inayofanya kazi ni hii. Kijana wa nyumbani akae kiti cha mbele, mzee aendeshe kama kawaida kwenda pahala pake pote: skuli ya wajukuu, hospitali ya Wete, soko la Konde, kwa dada yake Micheweni, bandarini Mkoani. Kila wanapofika, gari imesimama kabisa, kijana anahifadhi pahala hapo na kuandika jina kwa maneno ya mzee. Dada yake aandikwe "Kwa Mwanaidi" kama ndivyo anavyomwita, si jina la kitambulisho. Orodha ikimalizika, kifaa kimekuwa cha ami. Kazi hii haifanyiki Maskati, na pesa haiwezi kuifanya. Ndiyo maana naudhika nikiona familia imetumia fedha nyingi kwa kifaa na haikutumia asubuhi moja kwa mwenye kifaa.

Na aliye na moyo zaidi aingie OpenStreetMap aitie njia ya kwao, kisima, msikiti na skuli. Atawasaidia na wengine wasiomjua.

"Itamchagulia njia fupi."

Njia fupi Pemba ina maana nyingi. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, kwa hiyo ufupi wenyewe ni wa dakika chache. Lakini kina milima na mabonde kila pembe, na upande wa Micheweni ardhi ni ya mawe. Ramani inaweza kuchora njia ya gari ya ng'ombe kwa mstari ule ule inaochorea barabara ya kifusi, na kompyuta ikaona zote ni sawa. Wakati wa kiangazi utapita ukiomba Mungu na tairi zako. Masika ikianguka, njia inayoshuka kwenye bonde la mpunga inakuwa tope linaloteleza, na gari ndogo ya chini haitoki bila watu wa kuisukuma. Kifaa hakijui kama jana mvua ilinyesha. Ami anajua, na anajua kwa kutazama rangi ya udongo tu. Kwenye mipangilio kuna pahala pa kukataza barabara zisizo na lami. Pawekwe hivyo tangu siku ya kwanza. Na mumwambie waziwazi, mbele ya wote, kwamba yeye na kifaa wakihitilafiana ndani ya Pemba, yeye ndiye wa kufuatwa. Wazee wengi wana heshima kubwa kwa kitu kilichotoka nje, na wanaweza kukitii dhidi ya macho yao.

Anapovuka kwenda Unguja mjini au Dar es Salaam, mambo yanageuka. Huko barabara zimebadilika, kuna njia za upande mmoja, na Dar kuna mabasi ya mwendokasi yenye njia yake ambayo gari ya mtu haitakiwi kuingia. Huko ndiko kifaa kinakolipa gharama yake. Familia ijiulize kwa ukweli: ami anakwenda huko mara ngapi, na anaendesha mwenyewe au anaendeshwa?

"Tutajua alipo saa zote."

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Kifaa cha njia hupokea tu, hakitumi chochote. Setilaiti haimwoni ami na haimjui. Ili mtoto aliye mbali aone gari iko wapi kunahitajika kifaa cha kufuatilia chenye laini ya simu ndani yake na salio la kila mwezi, au simu ya mzee iwe na bando na imeruhusiwa kutuma lokesheni. Hayo yapo na yanafanya kazi palipo na mnara wa simu.

Kuna jambo la adabu pia. Nimesikia vijana wakipanga kuficha kidude chini ya kiti "ili asijue." Huyu ni mtu aliyekulea. Kwenda kwake msikitini, shambani au kwa mtu anayemjua mwenyewe ni haki yake. Muulizeni. Wengi wakielezwa kwamba ni kwa ajili ya gari ikiharibika usiku njiani, wanakubali, na wanakubali kwa furaha. Aliyekataa amekataa.

Na kabla ya kumfuatilia ami, fikirini anayemtafuta yeye. Huku Kiuyu anayepotea mara nyingi ni mgeni: gari ya wagonjwa inayotoka mbali, fundi wa umeme, mkwe anayekuja mara ya kwanza. Lokesheni ya nyumba ya ami, iliyochukuliwa mlangoni na kuhifadhiwa kwenye simu za watoto wote, ya sheha na ya jirani, haina gharama hata senti. Siku ya dharura aliye London anaweza kuituma kwa dereva aliye Wete kwa muda wa kubonyeza.

"Siku hizi anapotea njia, ndiyo maana tunamnunulia."

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo zito, na kwa sababu husemwa kwa sauti ya chini, baada ya mengine yote. Mtu ameendesha kati ya Kiuyu na Wete miaka thelathini. Wiki iliyopita amekutwa amesimama kwenye njia panda, injini inawaka, hajui apinde wapi. Akacheka, akasema usingizi. Watoto wakaogopa, na woga ukageuka ununuzi.

Tafadhalini msinunue. Kusahau jina la njia mpya ni uzee wa kawaida. Kupotea kwenye njia uliyoijua maisha yako yote ni dalili. Mwaka 2014 John O'Keefe, May-Britt Moser na Edvard Moser walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kugundua chembe za ubongo zinazotujulisha tulipo na tunakoelekea. Baadhi ya chembe hizo ziko kwenye sehemu ya ubongo ambayo maradhi ya Alzheimer huishambulia mapema. Ndiyo maana mtu anaweza kupotea njia kabla hajasahau majina ya wajukuu wake. Kifaa kinaweza kuificha dalili hiyo kwa miezi, na miezi hiyo ndiyo mnayoihitaji.

Wala kifaa hakitamzoesha kukumbuka. Mwaka 2008 Toru Ishikawa na wenzake wa Japani waliwalinganisha watu waliotembea mji kwa kuongozwa na GPS na wale waliotumia ramani ya karatasi au waliowahi kuonyeshwa njia kwa kupitishwa. Wa GPS walitembea zaidi, wakasimama zaidi, na mwisho walichora njia vibaya zaidi. Mwaka 2020 Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wa Montreal walichapisha utafiti wa madereva. Kikundi kidogo walichokipima tena baada ya miaka mitatu kilionyesha kwamba waliotumia GPS zaidi walishuka zaidi katika kukumbuka njia. Watu walikuwa wachache, na sitaki kuupa utafiti huo uzito kuliko unavyobeba. Lakini anayedai kwamba kifaa kitamrudishia mzee kumbukumbu hana chochote cha kushikilia.

Pia si kila anayepotea ana Alzheimer, na hapo ndipo pana matumaini ambayo familia hukimbia bila kuyajua. Mtoto wa jicho humfanya mtu asisome kibao wala asione kona magharibi ikiingia, na huondolewa kwa upasuaji mfupi. Sukari iliyoshuka humchanganya mtu mchana kweupe, hasa anayetumia dawa za kisukari na amechelewa kula, na mwezi wa Ramadhani hilo linataka kuzungumzwa na daktari mapema. Dawa za presha, za usingizi au za mafua zinazogongana, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, maambukizi ya mkojo ambayo kwa wazee hujitokeza kama kuchanganyikiwa, hata huzuni ya kufiwa na mke: yote haya humpoteza mtu njia, na mengi yana tiba.

Kwa hiyo pesa iliyokuwa ya kifaa iwe ya nauli na vipimo. Aanzie hospitali ya Wete au ya Chake Chake, na akipewa rufaa kwenda Mnazi Mmoja, mmoja wenu afuatane naye mpaka Unguja. Mchukulieni dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, pamoja na zile alizopewa na jirani. Mumweleze daktari siku, saa na pahala alipopotea, na kama alikuwa amekula. Mpimeni macho siku hiyo hiyo. Mpaka majibu yatoke, mjukuu mwenye leseni awe ndiye dereva, na ami akae mbele kushoto, amwelekeze.

Mkifanya hivyo, muangalieni akielekeza. Akisema "hapa kulia, halafu ukiuona mwembe shuka gia," bila kusita, mtakuwa na jambo la kumwambia daktari. Akinyamaza kwenye njia panda aliyoipita tangu ujana wake, mtakuwa nalo pia, na liandikeni tarehe.